Uzio wa Milango ya Nyuma

Nyumba ya Bucha ilikuwa na milango mingi kuliko hoteli, na karibu yote haikuwa ya nyumba. Uzio mzima, kuanzia kona ya bafu la nje hadi langoni, ulijengwa kwa milango ya magari: ya bluu, ya kijani, ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyekundu na sasa haijijui ni nini. Yote ilikuwa milango ya nyuma. Ilisimamishwa bega kwa bega, miguu ndani ya zege, vitasa bado mahali pake, na baadhi ya vioo vilipanda na kushuka ukizungusha mkono wake. Mke wa Bucha alikuwa na mlango wake maalumu, wa kijivu, unaotazamana na jiko la jirani. Akitaka umbea aliteremsha kioo. Akichoka alikipandisha, na jirani akajua kikao kimefungwa.

Bucha mwenyewe hakuuza nyama. Alichinja magari. Magari ya kizamani, yale yenye kromu na mashavu ya duara, siku hizi yana wapenzi wake, watu wenye nafasi, nao wote wanataka kitu kimoja: lenye milango miwili. Hilo ndilo la picha, la maonyesho, la kijana na mchumba wake. Ndugu yake wa tumbo moja, mwenye injini ileile na taa zilezile, akizaliwa na milango minne basi hana bahati. Huyo ni gari la baba wa watoto, la kumpeleka mama kliniki, na kazi iliyombakia duniani ni kuchinjwa ili mwenzake apone. Taa zinakwenda, gia inakwenda, bampa inakwenda. Kinachokosa mnunuzi ni milango ya nyuma, maana gari la milango miwili litaipeleka wapi? Bucha hakuweza kuitupa. Alisema ni chuma kizuri. Mkewe alisema ni dhambi za mumewe zimekosa pa kwenda, akazimwagia zege.

Alikuwa na desturi moja ambayo wachinjaji wenzake waliicheka. Kabla ya kufungua bolti ya kwanza alilipeleka gari kwenye bomba, akaliosha kwa sabuni, akalifuta kwa kitambaa cha pamba, kisha akalizungusha mtaani polepole. Lisilowaka alilivuta kwa kamba. Aliita kulinywesha maji.

"Hata kuku hupewa maji kabla ya kisu," alisema, "sembuse gari lililobeba watu maisha yake yote."

Sasa, gari la kisa hiki lilikuwa la rangi ya chai ya maziwa. Lililetwa na watoto wa mwalimu mmoja aliyefariki, wakakabidhi funguo na kuondoka bila kugeuka. Lilikuwa zima. Viti vilikuwa na viraka, lakini vya mtu aliyejua kushona. Injini ilinguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Milango yote minne ilifunga kwa sauti moja nzito, tup, ambayo Bucha aliisikia tumboni. Lakini lilikuwa na milango minne, na tayari lilikuwa na mwenyewe. Daktari wa meno wa barabara ya juu, mteja wa siku nyingi, alikuwa analifufua ndugu yake wa milango miwili, na alikuwa amekwama kwa taa za mbele, grili ya usoni na dashibodi. Bucha alikwishampa neno lake. Na neno la Bucha, kila mtu alijua, halina rivasi.

Basi akaliosha, akalifuta, akaliwasha. Kibarazani alikuwa amekaa mama yake.

Huyo mama mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, ingawa alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, mwenye meno matatu na ulimi usiohitaji meno. Tangu alipoteleza bafuni na kuumia nyonga, dunia yake ilikuwa kibaraza, kitanda na simu. Gari la Bucha la kazi lilikuwa pikapu iliyoinuka juu. Kumpandisha kulihitaji stuli, wanaume wawili na maombi. Teksi za siku hizi ni vijigari. Humo aliingizwa akiwa amekunjwa, na kumtoa ilikuwa kazi kama ya kutoa mkate ulioungulia kwenye chombo. Mara ya mwisho alipotolewa hivyo alikula kiapo kwamba hapandi tena kitu.

"Gari pekee nitakaloingia bila taabu," alisema, "ni lile la kubebea maiti. Humo angalau mtu huingizwa amenyooka."

Watu walicheka, na Bucha naye alicheka, lakini maneno yalimkaa. Maana ng'ambo ya mji alikuwepo wifi yake Bi Mkubwa, dada wa marehemu baba, Shangazi kwa Bucha, naye magoti yalikuwa yamemsaliti. Wanawake hao wawili walikuwa wamependana tangu mmoja alipokuja nyumbani kwa mwenzake akiwa bibi harusi asiyejua kuwasha jiko. Sasa walikuwa watu wa simu, na kwa kuwa masikio yao yalikuwa yanafanana na miguu yao, walizungumza kwa kupiga kelele. Mtaa mzima ulijua Shangazi kabadilishiwa dawa ya presha. Mtaa mzima ulijua Bi Mkubwa hakumpenda mke wa nani. Kila maongezi yaliishia palepale: "Wifi, tutaonana lini?" Na Bi Mkubwa akapiga ukelele, "Mungu ndiye dereva!" akakata simu.

"Hilo linafunguka nyuma?" aliuliza siku hiyo, akilitazama gari la rangi ya chai.

"Linafunguka, mama."

"Lifungue nione."

Bucha akafungua mlango wa nyuma wa kushoto. Ulifunguka kweli, ukatoka nje wote kama mtu anayekukumbatia. Kiti kilikuwa kipana, wala si juu wala si chini. Bi Mkubwa akainuka na fimbo yake, akasogea hadi pale, akageuka, akakitafuta kiti kwa makalio, akakaa. Kisha akaingiza mguu mmoja, akapumua, akaingiza wa pili. Hakuna aliyemshika. Bucha alibaki amenyoosha mikono hewani kama anayesubiri kupokea mtoto.

"Unangoja nini?" akasema Bi Mkubwa. "Funga. Twende."

Walizunguka mtaa, wakapita sokoni, wakapita zahanati, wakapita kwa fundi cherehani aliyewahi kumharibia gauni na hajamsamehe. Bi Mkubwa aliteremsha kioo na kumwambia hivyo. Alisalimia watu aliodhani wamekufa, na wao wakamsalimia kwa mshangao uleule. Kwenye kioo cha dereva Bucha alimwona mama yake ametabasamu, meno yote matatu nje, na roho ikamwuma katikati ya furaha hiyo, kwa sababu alijua anachokijua yeye peke yake.

Walipofika nyumbani Bi Mkubwa alishuka mwenyewe, akalipiga gari kofi la upole.

"Kesho unipeleke kwa wifi."

"Tutaona, mama," akajibu Bucha.

Katika nyumba ile, na katika nyumba nyingi ninazozijua, "tutaona" maana yake ni hapana iliyovaa nguo. Lakini Bi Mkubwa aliisikia vibaya kwa makusudi, akaingia ndani kutafuta gauni lake la kutokea. Bucha alipaswa kumwambia palepale. Mwanamume anayeweza kuinua injini kwa mnyororo alishindwa kuinua sentensi moja.

Asubuhi alitoka mapema, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Kila mchinjaji ana mahali pake pa kuanzia. Bucha huanza na milango ya nyuma, kwa kuwa haina mteja na inachukua nafasi. Akili yake ilikuwa bado inatafuta namna ya kusema na mama, huku spana ikizunguka yenyewe kwenye bawaba. Alipozinduka, mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa mkononi mwake. Mkewe, ambaye kwa siku nyingi alikuwa akilalamikia tundu lililoachwa na mbuzi wa jirani kwenye uzio, alishakoroga zege. Akaupokea mlango kama mtu apokeavyo mgeni aliyealikwa, akausimamisha tunduni, akashindilia.

Zege lilikuwa linaanza kushika pale Bi Mkubwa alipotokea kibarazani. Gauni la kutokea, kilemba, mkoba kwapani, na ndani ya mkoba zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya mwaka juzi. Akashuka ngazi na fimbo yake, akafika kwenye gari, akatazama mahali pa mlango.

"Umekwenda wapi?"

Bucha akatazama uzio. Mkewe akautazama uzio. Bi Mkubwa naye akautazama. Aliona mlango wake wa jana umesimama kati ya wenzake, miguu imezikwa, na akafahamu kila kitu, kwa sababu alikuwa amekaa kibarazani pale akiwaona wengine wote wakienda njia hiyo.

"Kumbe jana nilikuwa nanyweshwa maji," akasema.

Hakulia wala hakufoka. Angefoka, Bucha angepona haraka. Aligeuka, akakitafuta kiti kwa makalio, akakaa ndani ya gari lisilo na mlango, akapakata mkoba.

"Mama, shuka basi. Nitakutafutia teksi kubwa."

"Hewa inapita vizuri," akasema Bi Mkubwa. "Nasubiri dereva."

Akakaa. Jua likapanda, akakaa. Mke wa Bucha alimletea chai na mkate kwenye sinia, akampa mumewe jicho ambalo lingetosha kuwasha gesi.

"Na wewe uliupokea," Bucha akajitetea.

"Mimi nilipokea mlango. Sikujua unanipa miguu ya mama!"

Bucha akaweka spana chini. Kwa miaka yote aliyachinja magari haya bila kujiuliza nani alikuwa anakaa nyuma. Alijua bei ya kila kitu kilichokuwa mbele. Sasa alimtazama mama yake anavyochovya mkate kwenye chai, kilemba kikigusa dari iliyoshonwa na mwalimu wa watu, na akajua kwamba hatalichinja gari lile hata aitwe mwongo mji mzima. Alijua pia kwamba ataitwa, tena leo, maana Daktari alikuwa anakuja mchana.

Daktari alikuja na gari lake la milango miwili, jekundu, linalometa hadi linakera. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono safi, na alilipenda gari lile kwa dhati. Alipokuwa mtoto, tajiri mmoja wa mtaani kwao alikuwa na kama lile, na yeye alikuwa akikimbia nyuma yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumdharau. Alishuka, akaona gari la rangi ya chai na bibi kizee akinywa chai ndani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Daktari. Karibu, ingia. Milango ipo ya kutosha, mmoja hata huna haja ya kuufungua."

"Daktari," Bucha akaanza, "nina neno."

"Bucha, usiniambie."

"Siwezi kulichinja hili."

"Uliniahidi!" Uso wa Daktari ulibadilika, na ilikuwa haki yake. "Mimi nimezunguka kila gereji. Nimekwenda miji sita. Wewe mwenyewe ulinipigia ukasema limepatikana, ukasema hesabu ni lako. Leo unanigeuka kwa sababu gani? Ni la milango minne, Bucha! Nani analitaka?"

Bucha akamwonyesha kwa kidevu.

"Daktari, hebu njoo," akasema Bi Mkubwa. Daktari akasogea. Bi Mkubwa akapanua mdomo wote, kama alivyofundishwa na Daktari huyohuyo. "Yako mangapi humo?"

"Matatu, mama."

"Nilipokuja kwako, kabla ya nyonga, sikukuambia uyang'oe haya uniwekee ya bandia, meupe, ya kupigia picha?"

"Uliniambia."

"Ukanijibu nini?"

Daktari akajibu kwa sauti ya chini.

"Sema kwa sauti, masikio yangu unayajua."

"Nilisema jino zima haling'olewi."

"Hata kama?"

"Hata kama halipendezi," akasema Daktari, na pembe ya mdomo wake ikaanza kumsaliti.

"Haya." Bi Mkubwa akachovya mkate, akatafuna kwa madaha, kwa hayohayo matatu. Kisha akalitazama gari jekundu. "Lako zuri. Nyuma anakaa nani?"

"Hakai mtu, mama. Naweka begi."

"Begi lina bahati."

Mke wa Bucha akageukia uzio ili asionekane akicheka. Daktari akatia mikono mifukoni. Hakuwa amekubali, mtu hatupi ndoto yake kwa sababu ya mzaha mmoja.

"Lakini ahadi ni ahadi, mama," akasema.

"Ni ahadi, na mwanangu sikumzaa mwongo. Ya mbele chukua. Chukua taa, chukua na hayo manyavu ya kung'aa. Mimi nakaa nyuma, ya mbele siyaoni."

"Na dashibodi?"

Bi Mkubwa akarudi kwenye chai yake. Daktari akafungua mlango wa dereva, akaketi, akaipapasa dashibodi: mbao zake zilizopakwa nta, saa ndogo ya mishale ambayo mwalimu aliitia ufunguo hadi mwisho wake. Nyuma yake alimsikia bibi kizee akinywa chai kwa mlio. Alikaa hapo hadi chai ikaisha.

"Nitachukua grili na taa," akasema. "Dashibodi mama anitunzie. Ila nitakuwa nakuja kuitazama, na nisikute imepauka!"

"Uje na begi," akasema Bi Mkubwa.

Kilichobaki kilikuwa mlango. Bucha alifikiri ni kazi ya dakika, lakini mkewe hakuwa mtu wa zege jepesi. Alivuta, akapiga nyundo, akavuta tena, na mlango ukatoka bila miguu; bati lote la chini lilibaki ardhini. Bucha akakaa kitako chini, jasho likimtoka, kipande mkononi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akajua uchungu wa mteja anayeambiwa kitu hiki hakipatikani tena.

Akainuka, akaanza kuutembelea uzio. Aliijua milango yote. Huu wa bluu ni wa gari la mkunga. Huu wa kijani wa mtu aliyekuwa na mapacha, alama za kalamu zao bado zipo kwa ndani. Alipita polepole, akigusa kitasa kimoja kimoja, akiomba radhi bila kufungua mdomo, hadi akafika kwenye ule wa kijivu. Akautazama kwa upande, akaupima kwa viganja. Ulikuwa wa ndugu yake lile la rangi ya chai, aliyechinjwa miaka mingi nyuma ili jingine la milango miwili lipate gia. Na ulikuwa wa kushoto.

Mkewe alimwona amesimama pale akaelewa.

"Huo ni dirisha langu la umbea."

"Najua."

"Jirani nitamsikiaje?"

"Nitakutafutia mwingine wenye kioo kinachoshuka."

"Utautoa wapi, na wewe leo umekataa kuchinja?" Akashika kiuno, akatafakari, akavuta pumzi. "Chimba. Lakini taratibu. Safari hii ukiuvunja utalala ndani ya hilo gari."

Bucha alichimba kwa tindo, akizunguka mbali, kama unavyochimba kiazi usitake kukijeruhi. Mtu aliyelisha uzio kwa magari maisha yake yote sasa alikuwa anavunja uzio kulisha gari. Jirani alitoka jikoni, akauliza kulikoni, na mke wa Bucha akamweleza yote kupitia tundu, bila kioo cha kupandisha, hadi jirani mwenyewe akachoka.

Mlango wa kijivu ulitoka na miguu yake. Bucha akautandika kwenye bawaba, akausukuma. Tup. Sauti ileile.

Kwa hiyo gari lililokwenda ng'ambo ya mji wiki ile halikuwa la maonyesho. Mwili wa chai ya maziwa, mlango mmoja wa kijivu. Jicho moja la lori na jingine la trekta. Mahali pa grili palikuwa na wavu uliobaki kwenye banda la kuku. Watoto waliliona wakashangilia. Nyuma, amenyooka kama malkia, alikaa Bi Mkubwa na mkoba wake.

Shangazi alikuwa langoni kwake, amesimama kwa fimbo mbili, amevaa viatu vya sherehe.

"Wifi!" akapiga kelele.

"Wifi!" akajibu Bi Mkubwa kutoka garini. "Zunguka huko! Mimi siwezi kusogea!"

"Na mimi siwezi kurukia!"

"Una mlango wako!"

Bucha akamfungulia wa kulia. Shangazi akageuka, akakitafuta kiti kwa makalio, akakaa. Mguu mmoja, pumzi, mguu wa pili. Kila mmoja kwa mlango wake, wakakutana katikati. Walishikana mikono, wakatazamana, wakaambiana kwa sauti ya juu kwamba wamezeeka vibaya, wakacheka hadi Shangazi akakohoa.

"Niwapeleke wapi?" akauliza Bucha.

"Wewe endesha," akasema mama yake. "Ya mbele ni yako."

Akaendesha. Mwanzoni walipiga kelele, bega kwa bega, kama bado wako kwenye simu: dawa ya presha, mke wa nani, zawadi ilifungwa kwa karatasi gani. Watu wa barabarani waligeuka. Kisha, bila wao wenyewe kujua, sauti zikaanza kushuka. Zikashuka zikawa za kawaida, zikashuka tena, vichwa vikasogeleana, kilemba kikagusa kilemba. Bucha alitega sikio, lakini hakusikia neno hata moja. Miaka yote mambo yao yalikuwa ya mtaa mzima, na leo walikuwa wananong'ona. Akapunguza mwendo, akapita njia ndefu.